Nyama ya Nyumba Saba

Jirani yangu wa ghorofa ya kwanza aligonga mlango Jumamosi moja ya mwezi wa nne, saa nane mchana, akiwa ameshika sahani iliyofunikwa kwa mkate mwembamba, mpana kama kitambaa. Tulikuwa tumeishi katika nyumba hiyo moja ya Saint-Gilles, hapa Brussels, kwa miaka sita, tukisalimiana kwenye ngazi, yeye akinipokea mifuko, mimi nikimshikia mlango. Nilijua kwamba ni mjane, kwamba anafuma soksi za sufu, na kwamba kwao ni mashariki huko. Zaidi ya hapo sikuuliza. Sisi tuliokuja hapa kama wakimbizi hatuna haraka ya kumwuliza mtu ametoka wapi.

"Ule leo," aliniambia kwa Kifaransa. "Isilale."

Nilimshukuru, nikafunga mlango, nikaanza kula nikiwa nimesimama jikoni. Ilikuwa nyama ya kondoo iliyochemshwa kwa maji na chumvi. Haikuwa na kitunguu, wala nyanya, wala pilipili. Kipande cha pili nilishindwa kukimeza. Nikavuta kiti, nikaketi. Nyama ya namna hiyo nilikuwa nimeila mara ya mwisho nikiwa na miaka kumi na mmoja, uani kwetu Uvira, kule Kivu, siku moja kabla sijamponza baba yangu.

Baba alikuwa fundi cherehani na shemasi wa kanisa letu. Alikuwa chotara. Babu, mzungu aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na ziwa, alikufa kabla sijazaliwa, na watu wote walimwita Mgiriki. Kwetu wakati ule, mzungu aliyeuza nguo na chumvi na ambaye hakuwa Mbelgiji alikuwa Mgiriki, basi. Hakuna aliyekwenda kuhakikisha. Hata sisi wajukuu tuliitwa watoto wa Mgiriki, nasi tuliitika.

Nyumbani kwetu kulikuwa na mambo mawili ambayo hayakuwa kwa wengine. La kwanza, hatukula samaki. Ziwa lilikuwa pale, ndagala, dagaa wa kwetu, zimeanikwa mbele ya kila mlango, harufu yake imeingia mpaka kwenye madaftari, nasi tunakula maharage. Wenzangu shuleni walinitania. "Nyie, samaki iliwafanyia nini? Iliwaibia?" Nilimwuliza baba. Alijibu kwamba babu alikataza, na kila alipoulizwa sababu alisimama akatoka nje.

La pili lilikuwa mbuzi. Mara moja kila mwaka, baada ya Pasaka, baba alinunua mbuzi. Aliweka chumvi kiganjani, akaiombea kwa maneno ambayo hakuna kati yetu aliyeyaelewa, kisha akamlambisha mbuzi ile chumvi. Alimchinja mwenyewe, akachemsha nyama kwa maji na chumvi tu. Mama alifukuzwa jikoni pamoja na vitunguu vyake. Nyama iligawiwa nyumba saba, na tulioipeleka ni sisi watoto. Jua lilipozama hakikutakiwa kubaki kipande hata kimoja.

Sasa, wiki ile niliyokuwa na miaka kumi na mmoja, mwalimu wa shule ya Jumapili alitufundisha juu ya madhabahu ya Baali. Mwishoni aliuliza nani anajua nyumba ambamo watu wangali wanaitolea mizimu sadaka. Mimi nilikuwa mtoto anayependa kujibu. Nilikuwa wa kwanza kumaliza mistari ya kukariri, wa kwanza kuimba, wa kwanza katika kila kitu kilichopata sifa. Niliinua mkono.

"Mbuzi anapewa chumvi," nilisema. "Na kuna maneno. Na ni nyumba saba."

"Nyumba ya nani hiyo, mutoto?"

"Ya kwetu."

Alinipa kadi yenye picha ya kondoo.

Wazee watatu wa kanisa walikuja nyumbani Alhamisi. Nilisikiliza nyuma ya pazia.

"Ndugu shemasi, ile maneno unasemaka juu ya chumvi, ni ya nani?"

"Ni ya baba yangu."

"Inasema nini?"

"Sijui. Aliniambia ni maombi."

"Unaombaka kintu haujue? Na ile mbuzi, ni ya nani?"

Baba aliivua tepu ya kupimia shingoni. "Ni ya watu ya baba," alisema. "Walikufa njiani, hawakuzikwa. Hakuniambia zaidi."

Mzee mmoja akafunga Biblia. Kwao kesi ilikuwa imekwisha. Walikuwa na chumvi, walikuwa na hesabu ya saba, na sasa mwenyewe alikuwa ametaja wafu. Walimtaka aache na atubu mbele ya kanisa. Baba alikuwa mtu mpole, mtu wa kukubali, aliyekushonea suruali upya kama umebadili mawazo. Siku ile alisema, "Kuacha, hapana."

Walimvua ushemasi na kumtenga na meza ya Bwana. Mwaka uliofuata alinunua mbuzi kama kawaida, akachemsha, akatutuma. Milango yote saba ilifungwa. Mama mmoja aliyekuwa akinipa ndizi kila siku aliniambia kwa nyuma ya mlango nirudi na uchawi wetu. Jua lilipozama, baba alichimba shimo uani akaizika ile nyama, sufuria nzima. Hakununua mbuzi tena. Alikwenda kanisani kila Jumapili kwa miaka kumi na tisa, na mkate ulipopita alishusha macho. Alikufa hivyo.

Sikumwambia kamwe ni nani aliyesema. Alipokufa nilikuwa chuo cha Biblia Bukavu. Na niandike lililo baya kuliko hilo, maana nimekusudia kuandika kweli: miaka yote niliyofundisha wamama na vijana, nilipofika kwenye somo la mizimu nilikuwa na mfano wangu. Nilisema, "Kulikuwa na mtu mmoja Uvira." Nilimfundishia baba yangu mwenyewe kama onyo.

Ndiyo maana Jumamosi ile nilishindwa kumeza.

Nilishuka ngazi na sahani ikiwa bado na nyama. Jirani alifungua, akaitazama.

"Mbaya?"

"Madame, huyu kondoo alipewa chumvi kwanza?"

Alinitazama kama mtu aliyeguswa begani gizani. "Hapa Ubelgiji hatuwezi kuchinja nyumbani," alisema. "Kasisi anabariki chumvi, tunaitia sufuriani. Lakini kijijini kwa bibi yangu, ndiyo. Walimpa kwanza chumvi. Nani amekuambia?"

"Na umepeleka nyumba ngapi?"

"Saba. Jogoo ni nyumba tatu, kondoo saba, ng'ombe arobaini. Ingia ndani, usisimame hapo."

Niliingia. Nilimweleza habari za uani kwetu, nikamweleza kwamba baba alisema maneno. Aliuliza maneno gani. Sikuwa nimeyatamka tangu utotoni, na sikutegemea kuyakumbuka, lakini mtoto wa kukariri hasahau. Nilisema, "Hayr mer." Yeye akaendelea, taratibu, mpaka mwisho, akafanya ishara ya msalaba. Halafu akaniambia kwa Kifaransa kile alichokuwa amesema. Kilikuwa Baba Yetu uliye mbinguni. Chote. Pamoja na mkate wetu wa kila siku.

"Babu yako hakuwa Mgiriki," alisema. "Alikuwa Mwarmenia, kama mimi."

Hiyo sadaka wao huiita madagh. Ni ya Wakristo, ya zamani sana, ya kushukuru na ya kuwakumbuka marehemu kwa kuwalisha majirani. Aliniambia na mengine. Wakati wa vita kuu ya kwanza, serikali ya Waosmani, Waturuki wa enzi hizo, iliwang'oa Waarmenia makwao. Wanaume waliuawa, na wanawake na watoto wakaswagwa jangwani kwa miguu mpaka walipoanguka. Wengi walitupwa katika mto Frati, ule ule ninaoufundisha katika Mwanzo, na mto ukawabeba siku nyingi. Wachache walionusurika walitawanyika kila upande wa dunia, wakiwa watoto, bila wazazi. Mmoja, kwa njia ambayo sitaijua, alifika Uvira akafungua duka.

"Bibi yangu aliishi miaka tisini," jirani alisema. "Samaki hakula hata siku moja. Alisema ameona samaki wanakula nini."

Nilikuwa nimechekwa utoto wangu wote kwa sababu ya sahani ya ndagala.

Niliuliza amepeleka nyama kwa nani mwingine. Akataja nyumba zote, mpaka familia ya Waturuki ya ghorofa ya tatu. Lazima uso wangu ulisema kitu, maana alicheka. "Ni majirani. Wana watoto wanne, na wanakula vizuri."

Ningependa kuandika kwamba nililia. Sikulia. Mimi ni mtu wa shukrani. Mungu amenivusha vita, amenipa kazi ya kuwaosha na kuwalisha wazee wa nchi hii mpaka nikawa mzee mwenyewe, na asubuhi zangu zote naanza kwa kumshukuru. Lakini nilipopanda ngazi siku ile nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo hata tulipokimbia. Mtu alinyimwa mkate na kikombe miaka kumi na tisa kwa kosa la kusali Baba Yetu. Na aliyempeleka ni mimi.

Nilifunga kula siku tatu, nikaomba. Kisha nikaomba nafasi katika kikao cha wazee wa kanisa letu. Sisi ni kanisa la Waswahili wa Kivu, tunakodi ukumbi karibu na stesheni ya Gare du Midi, na mimi ni mmoja wa wazee hao, mwanamke pekee. Niliwaeleza yote. Nikaomba mambo mawili: ibada ya shukrani ikifika nichemshe mbuzi wa nyumba saba, na siku hiyo nisimame niseme mbele ya kanisa kwamba baba yangu alikuwa Mkristo.

Pasta ana umri wa mwanangu wa kwanza. "Maman, bon, sisi wote tunakupenda," alianza, nikajua nimeshindwa. "Lakini zabihu ilimalizikia ku musalaba. Donc, mbuzi ya nini tena?"

"Ile mbuzi tulikula ku ndoa ya binti yako ilikuwa ya nini?"

Wawili wakacheka, wakajizuia.

"Ile ilikuwa fête, sikukuu tu, maman."

"Na hii ni fête. Ya watu hawakuzikwa."

Katibu wetu, baba mmoja wa Bukavu mwenye busara ya kukwepa, aliona njia. "Maman, upike tu! Nani anakukatazaka kupika? Tutakula, tutashukuru. Lakini usiseme ni ya nini. Na ile chumvi ya padri, ikae kwako."

Nakiri lilikuwa pendekezo zuri. Kila mtu angeshiba na pasingekuwa na kelele. Miaka kumi iliyopita ningelikubali. "Papa," nilimjibu, "nikipika na kunyamaza, nitakuwa nimemuficha. Ni afazali muninyime kupika, muniruhusu kusema."

"Lakini una preuve gani, ushahidi gani?" pasta aliuliza. "Ulikuwa mutoto. Unajuaje kama ile maneno ilikuwa Baba Yetu?"

Jirani alikuwa amenifundisha sala nzima. Niliisema palepale, nimesimama, kwa lugha ya babu yangu.

"Alors," alisema pasta, kwa sauti ya chini kidogo, "na sisi tutajuaje kama ni Baba Yetu?"

"Namna ile wazungu walijua kama ile ya kwenu ni Baba Yetu. Waliuliza."

Walinitoa nje wakajadiliana, nami niliimba nyimbo mbili kwenye korido ili nisisikilize. Nilikuwa nimeshasikiliza vya kutosha nyuma ya pazia moja maishani. Jibu lilikuwa hapana kwa yote mawili. Na kama nitapeleka ile nyama kwa washiriki wa kanisa, nitaitwa mbele kutubu, kwa sababu mzee wa kanisa haruhusiwi kuwakwaza wadogo.

Nikawaambia aksanti, nikachukua koti langu.

Wiki iliyofuata jirani alinipeleka kwa tramu mpaka Ixelles, karibu na Flagey, kwenye kanisa lao. Waliimba kana kwamba hakuna aliye na mahali pa kwenda. Mwishoni kasisi aliibariki chumvi yangu, kiasi cha vijiko viwili katika karatasi. Niliogopa ataniuliza cheti cha ukoo. Aliniuliza jina la baba, ili amwombee. Nilipolitamka ndipo nilipolia, na jirani akanipa kitambaa chenye harufu ya dawa ya nondo.

Mwenye bucha wa mtaani kwetu, Mmoroko, alinikatia mbuzi mzima. Alinishauri viungo vya kila aina na akakasirika kidogo nilipovikataa. Nilichemsha tangu alfajiri. Kwenye mvuke ule nilisali Hayr mer, halafu Baba Yetu, kwa sababu baba alijua moja na mimi nimeishi kwa nyingine, na sikutaka kumwacha yeyote nje.

Nyumba saba nilizichagua mwenyewe, zote za wazee wa kikao. Kila mlangoni nilisema maneno yaleyale: hii ni sadaka ya chumvi, ni kwa ajili ya ndugu za babu yangu waliouawa, na kwa ajili ya baba yangu aliyetengwa kwa sababu ya sadaka hiyo. Mle leo.

Mmoja alipokea akala kipande mbele yangu, akafuta mikono. Mmoja alisema anaumwa tumbo. Mke wa katibu alipokea kwa furaha, mumewe akiwa kazini, akainua kifuniko. "Maman, kweli hata pilipili hapana? Hata kidogo? Watu yako waliteseka kabisa." Tulicheka mpaka akaketi. Mzee wa sita, wa Uvira kama mimi, alikataa katakata kufungua mlango. Niliuona mguu wake chini ya mlango. Niliongea na ule mguu, nikamweleza yote kwa utaratibu, nikaiacha sahani sakafuni. Safari hii hakuna nyama ya kuzikwa, nilijisemea, hata kama paka wa Brussels wataila.

Pasta alikuwa wa saba. Aliipokea kwa mikono miwili, namna alivyofundishwa na mama yake, halafu akasita.

"Nitaiombea kwanza, maman."

"Uiombee. Imeombewa tayari, lakini haitaumia."

Nikaitwa mbele kutubu, kama walivyoahidi. Ilikuwa Jumapili, ukumbi umejaa, wanakwaya wamevaa sare. Pasta alieleza kwa upole kwamba mama yetu ana neno la toba, akanipa maikrofoni. Sikuwa nimedanganya mtu. Nilikuwa nimemwambia kwamba ndiyo, nina toba.

"Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja," nilisema, "nilimshitaki baba yangu kwa kanisa, nipate kadi."

Nikaeleza yote, chumvi na milango na shimo la uani. Nikaeleza jinsi nilivyomfundishia miaka arobaini kama mfano wa mpagani, na wengine waliokaa mbele yangu nilikuwa nimewafundisha mimi, nikawaambia wafute hilo somo. Nikawaambia watu wa babu yangu walikuwa Wakristo kabla ya wale waliotuletea sisi Injili. Mwishoni nikasema, "Mungu anisamehe kwa hilo. Kwa mbuzi siombi musamaha. Amina?"

Nusu ya ukumbi ikaitika amina, kwa mazoea tu, kabla haijajua imeitikia nini. Wengine walitazamana. Mama mmoja wa kwaya alilia kwa sauti. Yeye ndugu zake walibaki msituni huko Walikale wakati wa vita, na hajui walipolala. Pasta alichukua maikrofoni, akasema tuimbe.

Kikao kimeketi mara tatu tangu siku ile. Wengine wanataka niondolewe uzee wa kanisa, wengine wanasema nimetubu hadharani kama nilivyoagizwa na katiba ya kanisa haisemi mtu atubu nini. Mimi siitwi, nami siendi kuuliza. Nina umri wa kutosha kungoja.

Yule mama wa kwaya alinikuta Porte de Namur juzi, ameshika mifuko ya sombe, kisamvu chetu. Hakunisalimu hata. "Maman," alisema, "lazima mutu akuwe Mwarmenia?"

Nikamwambia sijui, nitamwuliza jirani. Lakini kuwakumbuka ndugu zake kwa chakula chetu, hilo simwulizi mtu. Nikamwuliza majina yao, akayataja yote palepale kwenye ngazi za metro, watu wakitupita kulia na kushoto. Yalikuwa tisa. Nimeyaandika, na mwenye bucha nimemwambia safari ijayo anikatie mbuzi wawili.